Tulijenga Wundanyi tukidhani tunarudi nyumbani, kisha tukarejea Mombasa: uzi kwa wanaokaribia kustaafu

Mwanzisha uzi

Nilistaafu ualimu mwaka 2018 nilipotimiza miaka 60, baada ya kufundisha shule za msingi hapa Mombasa kwa miaka 34. Kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo mimi na mke wangu tulipanga nyumba moja ya vyumba viwili kule Tudor, tukalea humo watoto watatu, na kama Wataita wengi wa rika letu walioshuka pwani kwa sababu ya kazi, tulizoea kusema kwamba Mombasa ni ya mshahara na Wundanyi, kule kwenye milima ya Taita, ndiyo nyumbani. Tuliyasema maneno hayo mara nyingi mno hata tukaacha kuyachunguza. Ninaandika uzi huu kwa sababu wenzangu watatu wanastaafu mwakani, wote wanajenga mashambani kwa mikopo, na hakuna hata mmoja wao aliyelala huko zaidi ya majuma mawili mfululizo tangu alipokuwa kijana.

Ninalowaomba ni jambo moja tu. Usijenge, usiuze, wala usivunje makazi uliyonayo kabla hujakaa mwaka mzima, masika na kipupwe, mahali unapotaka kuzeekea. Panga chumba huko, au omba hifadhi kwa nduguyo, lakini mwaka uzunguke ukiwa hapo.

Sisi hatukufanya hivyo. Kiinua mgongo changu kilipotoka, karibu chote kiliingia katika nyumba ya Wundanyi. Mkandarasi wa kwanza alipokea fedha za paa zima, akaleta nusu ya mbao, kisha simu yake ikawa haipatikani. Ilibidi nikope kwa mwanangu wa kwanza ili mabati yapande kabla ya mvua. Tulihamia Januari 2020. Mwezi wa Aprili serikali ikafunga njia za kuingia na kutoka Mombasa na Nairobi kwa sababu ya korona, na hazikufunguliwa hadi Julai. Kifungua mimba wetu yuko Nairobi, wa pili yuko hapa Mombasa, na binti yetu wa mwisho ameolewa Tanga, kwa hiyo katika miezi ile nyumba yetu mpya yenye vyumba vinne vya kulala ilikuwa na watu wawili, redio na kuku.

Wundanyi ni pazuri, na sitaki mtu asome uzi huu akadhani ninapasema vibaya. Milima ya Taita ina maji, ina mboga, ina hewa ambayo mtu aliyezoea joto la Mombasa la mwezi wa Machi huivuta kwa shukrani. Lakini kilele cha Vuria kina mita 2,208 juu ya bahari, na sisi tulikuwa tumeishi miaka yote hiyo karibu na usawa wa bahari yenyewe.

Asubuhi moja ya Julai 2021 ukungu ulikuwa umeshuka hadi barazani, migomba ya jirani haionekani. Mke wangu, ambaye ameshona kwa cherehani ya miguu tangu kabla hatujaoana, alikuwa ameketi karibu na dirisha akijaribu kutia uzi katika tundu la sindano. Aliilowesha ncha ya uzi kwa ulimi, akaisokota, akaielekeza, ikapita kando. Akarudia, ikapita kando. Mara ya nne aliikumbatia kwa viganja vyote viwili bilauri ya chai iliyokuwa juu ya meza ya cherehani, akasubiri joto liingie, kisha akajaribu tena, na vile vidole vilivyovimba viungoni havikuweza kuushika uzi. Hakulalamika. Alinyanyua macho akaniambia, "Mwalimu, hebu nitilie huu uzi." Katika ndoa yetu yote hakuwahi kuniomba jambo hilo.

Daktari alitueleza wazi kwamba ugonjwa wa viungo haukuletwa na baridi, bali baridi ilikuwa ikiyazidisha maumivu ya asubuhi. Hata hivyo siku ile ndipo nilipoanza kuhesabu: ni mara ngapi tumeshuka Mombasa kwa ajili ya kliniki yake, ni mazishi mangapi ya watu ambao ndio waliokuwa sababu ya sisi kupaita nyumbani, na ni vijana wangapi njiani ambao ilinibidi nijitambulishe kwao kwa jina la marehemu baba yangu. Mombasa nilikuwa nimeitwa Mwalimu Mtaita. Wundanyi nikawa Mwalimu wa Mombasa.

Tulirejea Februari 2022, na hapo tukapata somo la pili, kwamba Mombasa tuliyoiacha nayo haikutusubiri. Nyumba yetu ya Tudor ilikuwa imebomolewa na mwenyewe akiinua ghorofa, majirani wametawanyika hadi Mtwapa, na nyumba za zamani za Buxton, ambako nilikuwa na wanafunzi wengi, zilikuwa zimeondolewa ili yajengwe maghorofa mapya. Mwaka huohuo lile tuta la Makupa, lililounganisha kisiwa na bara, likapata daraja, maji yakaanza kupita tena chini yake, na nilisimama pale nikiyatazama kwa muda mrefu kama mtoto. Tukapanga nyumba ndogo Kiembeni, hatua chache kutoka kwa mwanetu wa pili. Maji ya bomba hapa huja kwa zamu na siku nyingine tunanunua kwa mkokoteni. Nami hukumbuka kwamba sehemu ya maji ya mji huu hutoka chemchemi za Mzima, katika kaunti yetu ya Taita Taveta, na hushuka kwa bomba njia ileile tuliyoshuka sisi.

Nyumba ya Wundanyi hatukuiuza. Nitaeleza tunavyoitumia ikiwa kuna atakayependa kujua.

Mchangiaji wa Likoni

Mwalimu, shukrani kwa kuandika bila kuficha. Mimi nilistaafu kazi ya bandarini na sikuhama, nimebaki Likoni nilikozaliwa, lakini nimegundua kwamba mtu anaweza kukaa palepale na mji ukamhama. Wanangu wa Nairobi walikuwa wakija mara moja kwa mwaka, na kila walipokuja walitumia saa nzima au zaidi kuingoja feri pamoja na watoto na mizigo, hasa wakifika usiku. Tangu barabara ya Dongo Kundu ikamilike mwaka 2024, wanashuka kwenye treni pale Miritini, wanapita juu ya madaraja yale na kutokea upande wa kusini bila kuigusa feri. Mwaka jana wamekuja mara tatu. Sikujua kwamba kilichokuwa kikininyima wajukuu ni mkono mmoja wa bahari.

Swali langu ni la mfukoni. Pensheni ni ileile, nauli zimepanda, na watoto wako wako pande tatu. Mnasafiri vipi bila kuwa mzigo kwa mtu?

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu wa Likoni, umeniuliza jambo ambalo mimi na mke wangu tumelizungumza kuliko mengine yote tangu nistaafu.

Treni ya Madaraka ilipoanza mwaka 2017 daraja la kawaida lilikuwa shilingi 700 kutoka Mombasa hadi Nairobi. Tangu Januari 2024 ni shilingi 1,500, na daraja la kwanza ni 4,500. Kwa hiyo sisi wawili tukienda Nairobi na kurudi katika daraja la kawaida tunatumia shilingi 6,000, kabla hatujalipa gari la kutoka Kiembeni hadi Miritini, na la kutoka Syokimau hadi kwa mtoto. Tumeamua kwenda mara mbili kwa mwaka, na hatuendi Desemba. Desemba tiketi huisha mapema kwa sababu shule zimefungwa na kila mtu anashuka pwani; wacha wao waje, sisi tukae tuwapokee.

Tukiwa kwa mwanetu hukaa siku kumi, na siku ya kurudi huwa imetajwa kabla hatujaondoka Mombasa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, nasi huliomba jembe hilo siku ya kwanza. Mimi humpeleka mjukuu hadi kwenye basi la shule saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na mke wangu hurekebisha sare, hupunguza pindo na kubadilisha zipu zilizokufa. Mkwe wetu aliwahi kutuomba tubaki mwezi mzima. Tulikaa, na katika juma la tatu nilianza kuona kwamba mwanangu akirudi kazini hukaa kwanza garini dakika kadhaa kabla ya kuingia. Hakunikosea lolote. Nyumba ya mtu mzima ina mwendo wake, na mzazi akikaa sana huwa anausimamisha bila kukusudia.

Kwenda Tanga ni habari nyingine. Basi hupita Lunga Lunga na Horohoro, na kwa kuwa kituo cha mpakani ni cha pamoja, msafiri hukamilisha taratibu za nchi zote mbili upande anaoingilia. Angalieni jambo moja: kitambulisho cha taifa kinatuvusha Wakenya hadi Uganda na Rwanda, lakini kwa Tanzania unahitaji pasipoti au hati ya muda ya kusafiria, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano ni vyema iwe mfukoni. Mara ya kwanza nilifika mpakani na kitambulisho peke yake nikarudishwa, na mjukuu alikuwa anabatizwa Jumapili hiyo. Picha za siku ile ninazo, lakini mimi simo.

Kule Tanga wajukuu humwita mke wangu bibi, na wa Nairobi humwita nyanya. Wa Tanga walipomsikia binamu yao kwenye simu akisema "nyanya" walimwuliza mama yao kwa nini anaitwa jina la tungule, ile nyanya ya mchuzi. Mke wangu huitikia yote mawili, na amewafundisha wote neno la Kidawida, lugha yetu Wataita, pia, ili wawe na moja la pamoja.

Nyumba ya Wundanyi sasa tunaikalia miezi minne kwa mwaka: kuanzia Januari hadi Machi, Mombasa inapochemka na kaskazi haimpozi mtu, halafu tena Septemba. Treni ya asubuhi, ile inayosimama njiani, hutushusha Voi, kisha tunapanda matatu kupitia Mwatate hadi juu. Miezi mingine mtoto wa marehemu kaka yangu anakaa humo na kulima, na mavuno tunagawana. Kama tungekaa mwaka mmoja kabla ya kujenga, tungejenga vyumba viwili, si vinne.

Mchangiaji wa Mikindani

Mwalimu, nimesoma mpaka mwisho na nimelia kidogo. Mume wangu alikuwa mfanyakazi wa reli. Alipostaafu mwaka 2014 tuliondoka Mikindani tukaenda kwao Vihiga, na alifariki huko mwaka 2019, akazikwa mbele ya nyumba tuliyojenga pamoja. Mimi nilivumilia miaka miwili, kisha binti yangu akaja kunichukua kwa sababu shinikizo la damu lilikuwa linapanda na nilikuwa nikilala peke yangu. Sasa shemeji zangu wanasema kwamba nimelitupa kaburi la ndugu yao, na mmoja ameanza kulima upande wa shamba letu. Nikiwa Mikindani najiona nimemkimbia mume wangu. Nikienda Vihiga nakaa ndani nikisikiliza mlango. Wewe ungeita nyumbani ni wapi?

Mwanzisha uzi

Dada yangu, pole sana. Nimekaa na ujumbe wako tangu jana, na mke wangu aliniambia nisikujibu kwa haraka.

Nianze na shamba, kwa sababu hilo haliwezi kungoja. Sheria yetu ya Urithi, Sura ya 160, inampa mjane mwenye watoto haki ya kuitumia mali iliyoachwa na mumewe asiyeandika wosia kwa maisha yake yote, na haisemi kwamba haki hiyo hupotea kwa sababu mjane analala Mikindani. Ikiwa hati bado ina jina la marehemu na hakuna aliyefungua faili la mirathi mahakamani, fungueni wewe na wanao mwaka huu. Anza na barua ya chifu wa kule, na cheti cha kifo. Usiende peke yako. Nenda na binti yako, na zungumzeni kwanza na yule shemeji aliye mpole kuliko wengine, kwa maana katika kila ukoo yupo mmoja.

Kuhusu kaburi, ninakueleza tulivyoamua sisi, nawe utapima. Mimi na mke wangu tumeandika kwamba tutazikwa Wundanyi, na tumewaeleza watoto wote watatu wakiwa wamekaa pamoja sebuleni, ili pasiwe na mvutano tukiwa tumelala. Lakini mahali pa kuzikwa hapajatulazimisha pawe mahali pa kuishi. Kaburi la mumeo halitakuuliza ulilala wapi jana. Ukienda mara mbili kwa mwaka ukapalilia, ukapanda maua, ukakaa siku nne na kupokea salamu za majirani, hakuna mwenye haki ya kusema umemtupa. Wewe ulimwuguza. Hao wanaosema walikuwa wapi usiku ule, unajua wewe.

Na kama utaniruhusu niseme moja zaidi: andaa chumba chako Mikindani kama chumba cha mtu anayeishi hapo. Mke wangu tuliporejea aliacha masanduku bila kuyafungua kwa miezi mitano, akisema tunapita tu. Siku alipotundika pazia alilolishona mwenyewe ndipo alipoanza kulala usiku kucha.

Mchangiaji wa Nairobi

Shikamoo Mwalimu. Mimi nimezaliwa Majengo, Mombasa, na ninafanya kazi Nairobi. Baba yangu ana miaka 71 na mama ana 66, na mimi ndiye kitindamimba wao, niliyebaki bila majukumu mengi. Nimepanga nyumba kubwa ghorofa ya nne na ninataka niwahamishie kwangu moja kwa moja ili niwe karibu nao. Mama amekubali shingo upande. Baba anasema atafikiria, na amekuwa akifikiria tangu Ramadhani. Je, nisubiri au nisisitize?

Mwanzisha uzi

Marahaba mwanangu, na Mungu akuzidishie, kwa maana wengi wa umri wako hawaulizi.

Usisitize. Baba yako anapotoka kwenye swala ya alasiri huko Majengo anakwenda barazani, anakuta kahawa chungu, anakuta watu waliomjua tangu hana mvi, na asipoonekana siku mbili mtu atakuja kubisha hodi. Hayo yote hawezi kuyapandisha ghorofa ya nne. Nimeuona uzee wa ngazi kwa mwalimu mwenzangu aliyehamia kwa mwanawe: alishuka kila siku mwezi wa kwanza, mara mbili kwa juma mwezi wa pili, na kufikia mwezi wa tano alikuwa akiutazama mji kupitia dirishani.

Lakini kama una hakika kwamba ni lazima waje, basi waje kwa kujaribu, na waje Julai. Kila mzazi hupenda Nairobi ya Desemba, jua likiwapo na wajukuu wako likizoni. Julai ndiyo itakayokwambia kama magoti ya mama yanauweza mji huo. Nyumba ya Majengo isiguswe, kodi iendelee kulipwa hata ikiwa imefungwa, na ufunguo abaki nao baba mwenyewe, si jirani.

Kuna mambo madogo ya karatasi pia. Baba ameshapita miaka 70, kwa hiyo kama hana pensheni, uliza kwa chifu wa huko Majengo kuhusu Inua Jamii, ile shilingi 2,000 ya kila mwezi kwa wazee, kabla ya kumhamisha alipozoeleka. Na hakikisha wote wawili wamesajiliwa na SHA, mamlaka ya bima ya afya iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Malipo ya chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, na asiye na mshahara hulipa ya mwaka mzima kwa mpigo. Kama unataka kuwafanyia wazazi jambo kubwa mwaka huu, walipie hiyo, kisha uje Mombasa mara moja kwa kila miezi miwili. Baba yako atafikiria vizuri zaidi akiona kwamba na wewe unaijua njia.

Nitakuwa kimya hapa kwa muda, kwa sababu Ijumaa tunapanda Wundanyi. Mke wangu ameshakifungua kichwa cha cherehani na kukifunga kwa kanga mbili, kwa kuwa hicho husafiri nasi na meza yake yenye gurudumu hubaki kule juu. Mtoto wa kaka yangu amenipigia simu jioni hii kusema kwamba ameihamishia meza hiyo kwenye dirisha la mashariki, linaloingiza jua la asubuhi, kama nilivyomwomba. Vidole siku hizi hufunguka kufikia saa nne. Kabla ya hapo uzi hutia mimi.